TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 15: Mtume wetu (s.a.w.) akiwa nyumbani kwake



Baba zangu, mama zangu, ndugu zangu na vijana wa msikiti wetu. Alhamdulillah, tumefika nusu ya mwezi. Leo ni mwezi 15 Ramadhani, na kwa kauli iliyo mashuhuri, siku kama ya leo katika mwaka wa 3 wa Hijra alizaliwa Sayyidna Hassan bin Ali (r.a.), mjukuu wa Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Kwa hiyo leo tuziweke kando kidogo hukumu za saumu, tumkumbuke babu yake. Tumezoea kumsoma Mtume (s.a.w.) juu ya mimbari, vitani na katika mikataba. Leo tumtazame akiwa mume, baba na babu.

Nina sababu. Wiki hii, katika tarawehe, mtoto mdogo alicheka kwenye safu ya tatu. Wengi wenu mlisikia. Baada ya salamu mzee mmoja akamshika mkono akamtoa nje, na maneno yakatoka ambayo sitayarudia. Baba yake akaokota viatu vyake na vya mtoto, akaondoka. Mimi nilikuwa pale mbele. Nilisikia kila kitu, nikanyamaza, nikainuka kuendelea na rakaa mbili zinazofuata. Tangu usiku ule yule baba hajaonekana. Basi haya ninayoandika naanza kujiandikia mwenyewe.

*Usiku wa Hira*

Mtume (s.a.w.) alimuoa Bi Khadija (r.a.) akiwa na umri wa miaka 25. Bi Khadija alikuwa mfanyabiashara, mjane mwenye mali na heshima Makka, na kwa kauli mashuhuri alikuwa na miaka 40. Waliishi pamoja karibu miaka 25, na muda wote huo hakuoa mke mwingine. Allah akawaruzuku Qasim, Zainab, Rukia, Ummu Kulthum, Fatma na Abdallah. Wale wavulana wawili walifariki wakiwa wadogo. Kwa hiyo tangu ujana wake Mtume (s.a.w.) aliijua kazi ya kumvika mtoto sanda.

Sasa fikirini usiku ule wa Ramadhani ulioteremshiwa Qur'ani. Yuko peke yake pangoni, umri wake miaka 40, anamjia Jibrili (a.s.), anabanwa mpaka anachoka, anaamrishwa kusoma. Akateremka mlimani moyo ukimtetemeka. Alikwenda wapi? Makka kulikuwa na wakubwa wa Kikureshi. Kulikuwa na ami yake Abu Talib aliyemlea. Yeye alikwenda nyumbani kwa mkewe, akaomba afunikwe nguo.

Bi Khadija alimfunika, akasubiri hofu itulie. Kisha akamwambia kwamba Allah hawezi kumfedhehesha mtu anayeunga udugu, anayembebea mnyonge mzigo wake, anayemkirimu mgeni. Halafu akamchukua hadi kwa binamu yake, Waraqa bin Nawfal, mzee aliyevijua vitabu vya kale. Mtu wa mwanzo kabisa kumwamini alikuwa mkewe, yule aliyekuwa akimwona amechoka, ana njaa, amelala, ameamka.

Hapo tujiulize wanaume. Wake zetu wanatujua kuliko safu nzima ya mbele ya msikiti. Tukirudi tunatetemeka, watapata la kutusifia?

*Ramadhani ya msiba*

Makureshi waliposhindwa na hoja waliwasusia Bani Hashim. Takriban miaka mitatu walikaa katika bonde la Abu Talib, hakuna kuwauzia wala kuoana nao, mpaka watu wakala majani ya miti. Bi Khadija, yule tajiri ambaye misafara yake ilikwenda Sham, alikuwamo mle bondeni pamoja na mumewe. Hakurudi kwa jamaa zake. Haukupita muda mrefu baada ya kususiwa kumalizika, akafariki. Inapokewa kwamba ilikuwa Ramadhani, mwaka wa 10 wa utume. Akazikwa Hajuni, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe akashuka kaburini. Abu Talib naye alifariki mwaka huohuo. Ndiyo maana ukaitwa Mwaka wa Huzuni.

Lakini mapenzi yake kwa Bi Khadija hayakuishia Hajuni. Miaka ilipita, Mtume (s.a.w.) akahamia Madina, akaoa wake wengine, na bado akichinja mbuzi alikuwa anakatakata vipande anawapelekea marafiki wa Bi Khadija. Siku moja Hala, dada yake Bi Khadija, alibisha hodi. Sauti yao ilifanana, na Mtume (s.a.w.) alipoisikia akashtuka, akajawa na furaha. Bi Aisha (r.a.) ametusimulia mwenyewe kwamba hakuna mke aliyemwonea wivu kama Bi Khadija, na wala hakuwahi kuishi naye. Alipomsema kwa wivu, Mtume (s.a.w.) hakukubali. Alimkumbusha kwamba Khadija alimwamini watu walipomkanusha, alimsaidia kwa mali yake watu walipomnyima, na kwake yeye Allah alimpa watoto.

*Ramadhani ya Badri*

Mwaka wa 2 wa Hijra ndiyo Ramadhani ya kwanza Waislamu kufunga kwa faradhi. Mwezi 17 ikawa Badri. Darsa ya Badri tunaisikia kila mwaka: watu 300 na kidogo dhidi ya jeshi la karibu 1,000, malaika, na ushindi. Ila kuna nyumba moja Madina hatuisimulii sana.

Bi Rukia, binti yake Mtume (s.a.w.), alikuwa mgonjwa sana. Huyu ni binti aliyehajiri mpaka Uhabeshi na mumewe, Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.). Jeshi lilipojiandaa kutoka, Mtume (s.a.w.) alimwamuru Uthman abaki amuuguze mkewe. Jamani, tulipime hilo. Ilikuwa siku waliyohitaji kila mwanamume mwenye kushika upanga, na mtu mzima mwenye nguvu akaambiwa akae kando ya kitanda cha mgonjwa. Ngawira ilipogawanywa, Uthman alipewa fungu lake kama wale waliopigana, na akahesabiwa ujira kama wao. Yaani kumuuguza mke kulihesabiwa Badri.

Habari ya ushindi ililetwa Madina na Zaid bin Haritha (r.a.). Alifika watu wakisawazisha udongo juu ya kaburi la Bi Rukia. Baba yake hakuwahi kumzika.

Bado Badri ileile haijaisha. Miongoni mwa mateka alikuwamo Abul-As, mkwewe Mtume (s.a.w.), mume wa Bi Zainab, ambaye alikuwa hajasilimu. Watu wa Makka wakatuma fidia za kuwakomboa jamaa zao, na Bi Zainab naye akatuma ya mumewe. Ndani yake mlikuwa na mkufu. Mtume (s.a.w.) alipouona akaujua: ulikuwa wa Bi Khadija, aliompa binti yake siku ya harusi. Moyo ukamlainika sana. Naye ndiye kiongozi, angeweza kutoa amri tu. Hakuamuru. Aliwaomba Masahaba, wakiona inafaa, wamwachie mateka wa Zainab na wamrudishie mali yake. Wakakubali. Mkufu ukarudi kwa mwenyewe. Abul-As akaahidi kumwachia Bi Zainab aje Madina kwa baba yake, akatimiza, na baadaye naye akasilimu.

*Ramadhani ya mjukuu*

Mwaka uliofuata, katikati ya Ramadhani, Bi Fatma (r.a.) akajifungua. Mtume (s.a.w.) akamwita mtoto Hassan, akamfanyia akika, akaagiza anyolewe nywele na itolewe sadaka ya fedha kwa uzito wa nywele zile. Mwaka wa 4 akafuata Hussein. Kuanzia hapo, ndugu zangu, msikiti wa Madina ukawa na watoto.

Usiku mmoja alikuja kuswalisha amembeba mmoja wa wajukuu wale. Akamweka chini, akahirimia. Akasujudu, sijida ikarefuka mno. Mmoja katika maamuma akainua kichwa kuangalia, akamkuta mtoto amepanda mgongoni mwa babu. Baada ya swala watu wakauliza: kuna jambo limetokea, au ni wahyi umeshuka? Akawaambia hakuna lolote katika hayo. Mwanawe alimfanya kipando, naye akachukia kumharakisha kabla hajatosheka.

Siku nyingine alikuwa juu ya mimbari anahutubu. Hassan na Hussein wakaingia na kanzu nyekundu, wanatembea wanajikwaa. Akakatiza hotuba, akashuka, akawabeba akawaweka mbele yake, akasema kwamba hakuweza kuvumilia kuwaona wakijikwaa hivyo. Kisha akaendelea na hotuba.

Mjukuu wake wa kike, Umama binti Zainab, alikuwa akiswali naye amembeba: akisujudu anamweka chini, akisimama anamchukua. Na haya aliyafanya akiwa imamu wa watu. Akisikia mtoto analia nyuma akiwa anataka kurefusha swala, alikuwa anaifupisha kwa kumhurumia mama yake. Angalieni, alifupisha swala. Hakumtoa mtoto.

Aqra' bin Habis, mkubwa wa kabila la Tamim, alimwona akimbusu Hassan, akastaajabu. Akasema yeye ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja. Mtume (s.a.w.) akamtazama, akamjibu kwamba asiyehurumia hahurumiwi.

*Mkono wa binti*

Isije kuonekana kwamba nyumba ile ilikuwa ya raha tupu. Bi Fatma alikuwa anasaga shayiri kwa jiwe mpaka mikono ikaota sugu. Aliposikia wameletwa mateka, alikwenda kwa baba yake kuomba mtumishi, hakumkuta, akamwachia Bi Aisha ujumbe. Usiku, wakati Bi Fatma na Sayyidna Ali (r.a.) wameshalala, Mtume (s.a.w.) akaja. Walitaka kuinuka, akawazuia, akaketi katikati yao. Sayyidna Ali anasimulia kwamba alihisi ubaridi wa miguu yake.

Mtumishi hakumpa. Kulikuwa na wenye njaa zaidi pale msikitini. Akawafundisha kumsabihi Allah mara 33, kumhimidi mara 33 na kutoa takbira mara 34 kabla ya kulala, akawaambia ni bora kwao kuliko mtumishi. Sisi tunasimulia tasbihi tu. Tuikumbuke na ile safari ya usiku. Alikuwa na neno la kumnyima binti yake, na hakulituma kwa mtu. Alilipeleka mwenyewe, akakaa kitandani pao mpaka walielewe. Na Bi Fatma alipokuwa akiingia kwa baba yake, yeye alikuwa anasimama, anambusu, anamketisha mahali pake.

Na kwake yeye mwenyewe alikuwaje? Bi Aisha aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani. Jibu lake halina maajabu: alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ukifika anatoka. Imepokewa kwamba alikuwa anashona kiatu chake, anatia kiraka nguo yake, anakamua mbuzi wake. Ndugu zangu tunaouliza futari iko wapi huku tumelalia mkeka tangu alasiri, hapo pana darsa.

*Itikafu*

Kumi la mwisho linakuja, na wengi tunajiandaa kukaa itikafu. Inshaallah. Lakini tujue itikafu yake ilikuwaje. Alikuwa akikesha, na alikuwa akiwaamsha watu wa nyumbani kwake. Hakuwaacha wamelala akaenda kutafuta Laylatul Qadri peke yake. Akiwa itikafu alikuwa anainamisha kichwa kuelekea chumba cha Bi Aisha, naye anamchana nywele. Usiku mmoja Bi Safiyya (r.a.) alikuja kumtembelea msikitini, wakazungumza kwa muda. Alipoinuka kuondoka, Mtume (s.a.w.) akainuka naye kumsindikiza. Ilikuwa usiku, tena usiku wa kumi la mwisho, na yeye anamsindikiza mkewe. Wakapita Answari wawili, wakaharakisha mwendo. Akawasimamisha, akawajulisha kuwa huyu ni Safiyya, ili Shetani asiwatie dhana mbaya. Hakuona haya kujulikana kwamba anatembea na mke wake.

*Makaburi*

Bi Zainab alifariki mwaka wa 8. Bi Ummu Kulthum alifariki mwaka wa 9, na Mtume (s.a.w.) alikaa kando ya kaburi machozi yakimtoka. Allah alimpa pia Ibrahim kwa Bi Maria. Mtoto alikuwa akinyonyeshwa kwa mke wa mhunzi, pembezoni mwa Madina. Mtume (s.a.w.) alikuwa anaifuata nyumba ile iliyojaa moshi, anaingia, anampakata, anambusu, anamnusa, kisha anarudi. Mwaka wa 10 Ibrahim akafariki mikononi mwake, hajatimiza miaka miwili. Abdulrahman bin Auf alishangaa kumwona analia. Akamjibu kwamba hiyo ni rehema: jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, ila ulimi hausemi isipokuwa linalomridhisha Mola.

Siku hiyo jua likapatwa, watu wakaanza kusema limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Mtu mwenye uchu wa ukubwa angeiacha kauli hiyo ienee. Yeye alisimama na msiba wake kifuani, akawaambia jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa mtu yeyote.

Katika watoto saba, sita amewatanguliza. Alibaki Bi Fatma. Katika maradhi yake ya mwisho alimwita, akamnong'oneza, akalia. Akamnong'oneza tena, akacheka. Baadaye Bi Fatma alieleza: mara ya kwanza alimpa habari ya kufariki kwake, na ya pili alimbashiria kwamba yeye ndiye wa mwanzo kumfuata katika watu wa nyumba yake. Alimfuata baada ya takriban miezi sita, mwaka wa 11. Inapokewa ilikuwa mwanzoni mwa Ramadhani.

Basi hesabuni wenyewe. Ramadhani alimkimbilia mkewe, na Ramadhani alimzika. Ramadhani alimpoteza Rukia akiwa Badri. Ramadhani alimpokea mjukuu wa kwanza wa Fatma. Mwezi huu haukumtoa nyumbani kwake. Ulimkuta humohumo.

*Mazingatio ya leo*

1. Baba, leo kabla ya futari ingia jikoni. Ukijua kupika, pika. Hujui, osha vyombo, kuna uji, mandazi na magimbi, havikosi sufuria chafu.

2. Kama mke wako, mama yako au baba yako anaumwa, na tarawehe inakutaka umwache peke yake, baki naye. Swali hapohapo nyumbani. Kumbuka fungu la Uthman.

3. Babu na bibi, wajukuu wakiwapandieni kwenye mswala, wavumilieni mpaka watosheke.

Na neno langu la mwisho. Jana baada ya alasiri nilikwenda kwa yule baba, tukaongea mlangoni. Nilimwomba radhi kwa kunyamaza kwangu, nikamwomba na mtoto radhi. Yule mzee aliyemtoa mtoto nimezungumza naye pia, si mtu mbaya, ni mtu aliyependa utulivu wa swala, na amesikitika. Baba wa mtoto amenijibu kwamba ataangalia. Hakuniahidi. Ana haki.

Leo usiku, akija, naomba msimtazame wala msimkumbushe. Msogeleeni tu, mumpe nafasi yeye na mwanawe, tena safu ya mbele kama itawezekana. Mtoto akicheka, nitasikia mimi, na nitafupisha.

Ewe Mola wetu, tujaalie wema kwa watu wa nyumbani kwetu. Wasamehe wazazi wetu waliotangulia, na watoto tuliowazika wajaalie wawe waombezi wetu. Turuzuku huruma aliyokuwa nayo Mtume wako (s.a.w.) kwa wake zake, wanawe na wajukuu wake. Tukutanishe naye, na watu wake wa nyumbani, hali ya kuwa uko radhi nasi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhani karim.

Ndugu yenu, imamu wenu.